Subaru ilipokosa nguvu Dodoma, turbo ilisingiziwa

Kila niliyemweleza shida ya Subaru Forester yangu, kukosa nguvu na kutoa moshi mweusi, alinijibu kitu kimoja: "Kaka, Dodoma iko juu, turbo huku zinachoka." Kuna ukweli hapo, ila watu wanautumia vibaya. Mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yetu ni karibu bar 0.89, wakati Dar ni 1.01. Gari lisilo na turbo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, linalisikia hilo moja kwa moja. Lenye turbo linaweza kufidia, lakini kwa jasho: kama Dar lilikuwa linasukuma busti (presha inayoongezwa na turbo) ya bar 0.8, turbo ilikuwa inabana hewa kama mara 1.8. Ukitaka injini ipate hewa ileile ukiwa Dodoma, inabidi ibane mara mbili na zaidi kidogo, na hewa iliyobanwa zaidi inatoka ya moto zaidi. Joto la Oktoba na Novemba unalijua mwenyewe.

Lakini mwinuko hautoi moshi mweusi. Na mwinuko haubadiliki. Gari lilikuwa limekaa hapa zaidi ya mwaka likiwa zima, halafu likabadilika ghafla. Mlima haukuongezeka.

Nililigundua tatizo kwenye kona za Nyang'oro, nikitoka Mtera kwenda Iringa. Gia ya tatu, nimekanyaga mafuta, geji ya busti imesimama 0.5 wakati imezoea 0.8, na kwenye kioo cha nyuma naona moshi. Noah iliyojaa watu ikanipita, watoto wa kiti cha nyuma wakanipungia mkono. Ukiendesha Subaru ya turbo, hiyo inauma kuliko bei ya spea.

Niliporudi Dodoma nikaenda gereji moja ya Kizota, kwa mzee ambaye kwenye injini za kawaida simfikirii mpinzani wake. Nikamwamkia, akafungua mpira wa kuingizia hewa, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa turbo, kikatoka na oili.

"Kijana, hii imekufa. Tafuta nyingine."

"Mzee, tukibadilisha na moshi ukabaki?"

Akacheka. "Basi tutajua siyo turbo."

Turbo ya mtumba niliyotajiwa bei ilikuwa milioni moja na laki mbili. Nikamwomba tusubiri kwanza, na sikumvunjia heshima. Nilimwambia nataka kupima nyumbani kisha nitamrudia.

Hiyo oili ya kidoleni haikunitisha. Mvuke wa oili kutoka ndani ya injini unarudishwa kwenye njia ya hewa kabla ya turbo, kwa hiyo utando mwembamba ni wa kawaida. Kinachotisha ni oili ya kutuama, moshi wa bluu, na oili inayopungua kwenye dipstiki. Yangu haikuwa na hata kimoja. Nikashika ncha ya shafti ya turbo, injini ikiwa imepoa. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni ruksa, maana shafti inaelea kwenye oili inapozunguka na ukiizima nafasi hiyo inabaki wazi. Kuingia na kutoka ndiko kusikotakiwa, na mapanga yasiguse ukuta. Yalikuwa safi, hayana mkwaruzo.

Usiku nikachomeka laptop kwa kebo, nikafungua RomRaider, programu ya bure inayosoma kontroli boksi (kompyuta ya injini) za Subaru. Hapa ndipo kesi ilipoanza kunyooka. Kwenye sailensi (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) na mwendo wa taratibu, masahihisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kontroli boksi inaongeza au kupunguza, yalikuwa karibu na sifuri. Kwa hiyo sindano, pampu ya mafuta na sensa ya hewa zilikuwa zinaelewana. Lakini nikikanyaga mpaka busti ipande, geji ya mchanganyiko (sehemu za hewa kwa sehemu moja ya mafuta) ilishuka hadi 10 na ushee, wakati injini hii ikiwa kwenye busti nategemea iwe 11 hivi. Mafuta yamezidi hewa.

Subaru hii inahesabu hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, kabla ya turbo. Hewa ikishapita pale imeshaandikwa, na kontroli boksi inamwaga mafuta ya kuitosha. Ikichepuka baada ya turbo, injini haina habari: mafuta yamekuja, hewa haikufika, moshi mweusi. Na kwa nini sailensi ilikuwa nzuri? Kwa sababu kati ya turbo na kipepeo cha hewa (kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta) hakuna presha ya maana mpaka ukanyage. Kama mpasuko ungekuwa baada ya kipepeo, sailensi ingevurugika na masahihisho yangeonyesha. Kwa hiyo kabla sijashika spana nilikuwa nimeshabana eneo la kutafuta: kuanzia mdomo wa kutokea wa turbo, intakula (kipoza hewa iliyobanwa), hadi kipepeo.

Kifaa cha kupimia nilikitengeneza. Nilienda duka la vifaa vya ujenzi nikiwa na mpira wa kuingizia hewa mkononi, nikajaribisha vifuniko vya bomba la PVC mpaka nikapata kinachokaa sawasawa. Fundi pancha wa jirani akanitobolea tundu na kunifungia valvu ya tairi la tubeless, akaniazima na kompresa yake. Nikakikaza kifuniko kwa klampu, nikajaza upepo pole pole mpaka paundi 10. Usizidishe 15, na usikae mbele ya kifuniko, maana kikichomoka kinaruka. Utasikia mfoko mdogo kwenye eksozi au kwenye kifuniko cha oili. Huo ni wa valvu zilizo wazi na njia ya mvuke, uache.

Mfoko wangu ulikuwa chini ya intakula. Nikapaka povu la sabuni kwa brashi, juu hakuna kitu. Nikaweka kioo kidogo cha kunyolea upande wa chini wa mpira unaounganisha intakula na kipepeo, na povu likawa linachemka kwenye ufa mrefu kama kidole gumba. Ukiushika mpira bila presha, ufa unajifunga na huuoni kabisa. Ndiyo maana hata mimi nilishaupangusa mara kadhaa bila kuushuku.

Mpira wa mtumba ulikuja na basi kutoka Dar, shilingi 45,000 pamoja na nauli ya kifurushi. Nikaufunga, busti ikarudi 0.8, moshi ukaisha, na likazuka jambo jingine: juu ya mizunguko 5,000 gari likaanza kumisi. Hili halikunishangaza. Busti ndogo ilikuwa inayaficha mapungufu ya plagi. Presha ikiongezeka kwenye silinda, cheche inapata shida kuruka mwanya mpana. Kutoa plagi kwenye injini ya Subaru ni adhabu, zimelala ubavuni zikitazama chasisi. Nilitoa betri upande mmoja na boksi la filta upande wa pili, nikatumia ekstensheni fupi mbili zenye kiungo. Mianya ilikuwa imefika milimita 1. Nikaweka mpya za NGK zenye mwanya wa 0.7, kumisi kukakoma.

Vijana wa gereji sasa wananishawishi nipandishe busti hadi 1.2, "tukutyunie". Nimekataa. Hii gari ilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, ambayo kiwango chao kinataka isipungue 96 na mara nyingi inauzwa karibu 100. Siwezi kuitegemea hiyo hapa, na turbo tayari inabana zaidi kwa sababu ya mwinuko. Injini ikianza kugonga (mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda) kwenye jua la saa nane, pistoni ndizo zinazolipa. Kabla ya busti ningependelea intakula kubwa, na kabla ya intakula nina kazi ya kuangalia kichujio kidogo kilichomo kwenye bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba, hapo turbo itakufa kweli, na mzee wa Kizota ameshasema kazi hiyo tutaifanya pamoja.