Begi moja mpaka Wete

Mara ya kwanza kwenda harusini Pemba nilibeba sanduku la magurudumu, lile kubwa tulilolinunua kwa safari ya Umra. Nguo kumi na moja, viatu jozi nne. Bandarini Mkoani gurudumu likang'oka, na anayeijua Mkoani anajua kuwa ukishuka gatini, mji uko juu kilimani. Nikamwita hamali, nikalipa alichotaja bila ya kupatana kwa sababu jasho lilikuwa limeshaniosha wanja. Kwa siku nne nilivaa nguo tatu. Nane zilirudi Unguja hazijaonwa na mtu.

Mwaka huu mtoto wa mama mkubwa akawa anaolewa Wete, huko huko Pemba. Nikaapa: begi moja, la kupakata kwenye daladala.

Nilikaa kitandani nikajiuliza, hivi watu hasa wananiona nini? Botini, njiani, sokoni Chake, mimi ni buibui tu. Anayenitazama anaona mtandio, mikono na miguu. Ndani ya buibui hata ningevaa gunia nani angejua? Gauni linaonekana tukishakuwa wanawake peke yetu, mabuibui yamevuliwa. Basi gauni moja la maana linatosha, na la kuzidisha ni mitandio, ambayo mitatu yake haifiki uzito wa kiatu kimoja.

Kitambaa cha gauni nilikichagua mwenyewe kwenye maduka ya Mchangani, mjini Unguja. Nakishika pembeni, nakifinya kiganjani kwa nguvu, nahesabu mpaka kumi, naachia. Kikibaki na makunyanzi, narudisha. Mwenye duka alinichoka, akaanza kuwahudumia wengine. Nikaishia na kitambaa kizito kinachoteleza, zambarau iliyokoza, hakina ua wala shanga. Shanga zinakula nafasi na zinang'ang'ania kila kitu begini. Zambarau ile ilikubali mtandio wa dhahabu kwa usiku, wa kijani kwa mchana, na mweupe kwa asubuhi za kumenya vitunguu na shangazi zangu.

Siku ya sare sikuihesabu. Sare ilikuwa doti ya kanga, pesa nilishatuma kwa simu, yangu ikanisubiri Wete.

Kanga zangu mwenyewe nilichukua doti mbili, na hapo ndipo ilipo siri yote. Kipande cha mita moja na nusu kwa mita moja hivi, lakini kinafanya kazi ya shuka, ya taulo, ya kujitanda mgeni akipiga hodi ghafla. Gauni nililiviringisha badala ya kulikunja, nikalifunga ndani ya kanga moja kama furushi. Ila tazameni majina! Doti ya kwanza niliyoivuta kabatini iliandikwa "Hasidi hana sababu". Nikaona hapana, nyumba ya harusi imejaa mawifi, mtu atasema nimemjia yeye. Nikachukua yenye dua.

Viatu vilinisumbua kuliko vyote. Mwisho nikasafiri na ndara, na begini nikatia makubadhi yenye nakshi ya dhahabu, soli kwa soli, ndani ya kisoksi cha mtoto.

Usiku wa kuamkia safari nilitia makaa kwenye chetezo, nikafukiza udi gauni, mitandio na buibui. Kipande cha udi ukubwa wa ukucha, nguo zikanukia siku zote nne. Mtu akinukia, hakuna anayemuuliza amekuja na nguo ngapi.

Ilikuwa kipindi cha kusi, na tulipofika mkondo wa Nungwi boti ikaanza kutuchezesha. Wenye masanduku waliinuka kuyafukuzia. Mimi nimelikumbatia begi langu, kanga nimejifunika gubigubi, natapika kwa utulivu.

Mama mkubwa aliponipokea alichungulia nyuma yangu.

"Mwanangu, mizigo i wapi?"

"Ndiyo hii, mama."

"Haya." Lakini ile haya ilikuwa ndefu.

Usiku wa hina karibu nijione nimekosea. Nimekaa na zambarau yangu na mtandio wa dhahabu, mtoto wa watu akapita mbio na gilasi ya juisi ya ukwaju, yote pajani kwangu. Na gauni ndilo hilo hilo, la kesho pia. Nikakimbilia uani, nikafua pale palipolowa tu kwa maji baridi na sabuni ya kipande, nikalitundika kwenye upepo. Asubuhi lilikuwa limekauka, kivuli cha doa kipo ukikitafuta. Nikautupa mtandio wa kijani begani, ukaning'inia mpaka gotini. Shangazi akanifungia kikuba cha asumini na rehani kifuani, na watu wakaniuliza fundi wangu nani.

Sitasema begi dogo halina hasara. Lingekuwa doa la hina ningekaa jikoni harusi nzima.

Wakati wa kurudi ndipo nilipolishukuru begi. Wenzangu wanakalia masanduku yafungike, mimi nina nafasi ya halua ya Wete, vikasha vitatu, nimevifunga kwenye kanga yenye dua. Samli ilivuja kidogo. Mpaka leo pindo lake lina alama, na nimefua mara nne.