Mashamba ya Thomas Lincoln: nimefika Indiana

Mwezi wa nne huu tangu nianze kuchora mashamba ya ukoo wa Abraham Lincoln, kizazi baada ya kizazi. Naishi Louisville, Kentucky. Long Run, alikouawa babu yake rais mwaka 1786 akiwa shambani na wanawe, si mbali na kwangu.

Nasaba haikunisumbua. Samuel Lincoln alivuka bahari kutoka Hingham ya Uingereza mwaka 1637 akahamia Hingham ya Massachusetts. Kuanzia yeye hadi rais ni vizazi saba. Kazi iko kwenye ardhi.

Yule babu, Kapteni Abraham, alikuwa na maelfu ya ekari Kentucky, ardhi ambayo wenyeji wa asili walikuwa bado wanaipigania. Alikufa bila wosia. Sheria ya wakati ule ilimpa mwana wa kwanza wa kiume ardhi yote, kwa hiyo Mordecai akarithi, na Thomas, mdogo wao, akakua akifanya vibarua. Hapa niliweka kalamu chini kwa muda. Sikujua kwamba baba yake Lincoln alianza maisha mikono mitupu huku ukoo una ardhi kiasi hicho.

Jumamosi iliyopita nilishinda Sinking Spring, karibu na Hodgenville. Thomas alilinunua shamba hili Desemba 1808, ekari kama 300, kwa dola 200 taslimu, na miezi miwili baadaye mwanawe akazaliwa. Upimaji wa 1805 ulianzia kwenye mwaloni mweupe mkubwa, "pole" 13 juu ya chemchemi. Pole moja ni futi 16 na nusu, kwa hiyo ni kama mita 65. Nilishuka kwenye chemchemi yenyewe, maji bado yanachuruzika ndani ya shimo la mawe, kisha nikapanda nikihesabu hatua. Mwaloni haupo. Ulikauka mwaka 1976, baada ya kuwa bikoni kwa zaidi ya miaka 170.

Ndivyo sehemu kubwa ya Kentucky ilivyopimwa: mti, kijito, jiwe, kona ya shamba la jirani. Kila mtu alileta mpimaji wake, na madai yakapandana. Thomas alipoteza Sinking Spring kwenye mgogoro wa hati, akahamia Knob Creek, na huko nako akafunguliwa kesi ya kuondolewa. Mwanawe aliandika mwaka 1860 kwamba walihama Kentucky kwa sehemu kwa sababu ya utumwa, lakini hasa kwa shida ya hati za ardhi. Zamani nilikuwa naipita sentensi ile haraka.

Jana usiku nikaanza Indiana, walikohamia Desemba 1816. Huko serikali ilikata ardhi kwa miraba kabla ya kuuza: mraba wa maili moja ni ekari 640, robo yake 160. Thomas alidai robo moja mwaka 1817, kwa dola 2 kila ekari. Sinking Spring ilinichukua wiki tatu kuichora. Robo hii nimeimaliza kwa rula na penseli kabla chai haijapoa.

Hakuweza kuilipia yote. Alirudisha nusu, akapata hatimiliki ya ekari 80 mwaka 1827, miaka kumi baadaye. Kwenye ramani yangu nimepaka rangi nyekundu mashamba ya Thomas yaliyoingia kwenye kesi. Hizi ekari 80 nimezipaka kijani, za kwanza. Wiki ijayo naanza Illinois, 1830.