Msichokoe soketi kwa kijiti
Jana nyumbani kwa dada nilimkuta mpwa wangu anachokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili chaja ya pini mbili iingie. Moyo ulinienda mbio! Ile pini ndefu ya juu kwenye plagi zetu za pini tatu ni ya ethi (njia ya usalama ya kupeleka umeme uliovuja ardhini), na ndiyo inayofungua vizibo vya ndani vinavyokinga matundu mawili ya chini. Leo kijiti, kesho mtoto atashika msumari. Ni volti 230 hizo jamani. Tena plagi ya pini mbili ikilazimishwa hulegea, inapata moto, soketi inaanza kuungua. Nimewanunulia adapta yenye fyuzi, na ile soketi iliyopasuka fundi anakuja kuibadilisha Jumamosi.