Wamelala

Siku ya nne leo na bado naisikia. Nagonga muhuri kazini, naisikia. Naoga, naisikia. "Mjomba, wanyama wako wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Mpwa wangu mnamjua, ana miaka tisa na kejeli bado hajajifunza. Aliuliza tu, pedi ya gemu mkononi, kama mtu aliyepiga hodi kwa jirani akakuta nyumba imehamwa.

Kosa ni langu. Tangu binamu aahidi kuniletea CD kutoka Dar, nilimjaza mtoto maneno: humo kuna bustani ya wanyama, unapita na skeitibodi katikati yao. Nilikuwa nasimulia Tony Hawk's Pro Skater 4 ya mwaka 2002, niliyoicheza kwenye banda la gemu kule Magomeni huku wenzangu wakipiga kelele "toa hiyo, weka mpira". Iliyoshuka kwenye basi ni Tony Hawk's Pro Skater 3 + 4 ya Julai 2025, gemu mbili za zamani zilizosukwa upya. Picha zinang'aa, sisemi uongo. Lakini Zoo, ile bustani, tuliyoingia, wanyama wenyewe hawamo. Carnival, uwanja mwingine wa ile ya zamani, nayo imeondolewa kabisa.

Halafu saa. Ile nne ya zamani ilikuacha uzurure. Unamfuata mtu njiani, anakupa kazi, ukiimaliza unazurura tena. Saa pekee niliyoiogopa ilikuwa ya mwenye banda, aliyoifunika kitambaa tusihesabu naye. Sasa ukiingia tu, dakika mbili zinaanza kuyeyuka. Najua kwenye mipangilio zinarefushwa. Si hoja. Aliyeamua nne ifanane na tatu, yenye saa tangu zamani, sidhani kama aliwahi kuzurura humo.

"Mjomba, wanyama wako wapi?" Nami nikajibu nini? "Wamelala." Wamelala! Akaniangalia, akaangalia skrini, akasema "haya".

Hiyo "haya" inachoma kuliko swali. Huku kwetu mjomba ndiye anayekaa mbele kwenye jando na kwenye posa. Mimi mjomba wa wanyama waliolala.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake, mnada wa korosho umefanyika, ofisi imehama, mkataba wangu umeongezwa mwaka, alhamdulillah.

Jana jioni narudi na ming'oko ya stendi, vile viazi vya porini, nasikia kicheko tangu uani. Kaingia Waterpark, sehemu mpya ambayo zamani haikuwemo. Kagundua ukimpandisha yule mtu juu kabisa ukamwachia vibaya, anaanguka kama gunia. Basi. Hakusanyi herufi, hatafuti pointi, anaangusha tu. Gunia, kicheko. Gunia, kicheko. Dakika mbili zikiisha anaanza upya, wala hana habari na saa. Nikakaa mkekani, tukamenya ming'oko, akanipa pedi imejaa chumvi na pilipili: "Zamu yako mjomba, muangushe vizuri." Nikamwangusha. Akasema sikumwangusha vizuri, akanionyesha. Nilicheka mpaka machozi, ingawa huenda mengine yalikuwa ya pilipili niliyojipaka jichoni.

Wanyama hakuwataja. Nilitaka kumwambia kwamba hawakulala, kwamba zamani walikuwepo kweli, nikaona nitaharibu.

Dada alikuja kuchungulia, akasimama mlangoni, hakucheka. Nilidhani amechukia kelele. Kumbe alikuwa anasubiri mtoto alale. Alipolala akaniambia mama siku hizi akienda chooni usiku anatembea ameshika ukuta. Akiulizwa anasema ni giza.

Taa ya uani niliibadilisha mwenyewe mwezi uliopita. Nimetoka sasa hivi kuiangalia. Inawaka.