Alimwacha Mtumishi Wake Beer-sheba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni 1 Wafalme 19:1–18. Lisome lote kabla ya kuendelea, na ukifika mstari wa tatu usikimbie. Mimi nilikuwa naupita kila mara.

Eliya wa sura ya 18 tunamjua. Manabii 450 wa Baali wamepiga kelele tangu asubuhi, hakuna aliyewajibu. Yeye akaomba mara moja, moto ukashuka. Mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu, naye akajifunga viuno akapiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Mtu mwenye ushuhuda wa namna hiyo angealikwa kwenye kila mkutano wa injili. Geuza ukurasa sasa. Ujumbe mmoja tu wa malkia Yezebeli, wa kutishia kumuua, umemfikia, amekimbia toka kaskazini ya nchi hadi kusini, na yuko jangwani chini ya mretemu anamwomba Mungu amwondolee uhai. Yatosha, anasema.

Wale wanaosema mtu wa imani hapati sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, sijui sura hii huwa wanaisomaje.

Huo mstari wa tatu unasema alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake hapo, ndipo akaingia jangwani mwendo wa siku moja, peke yake. Kwetu mgeni akiaga unamsindikiza mpaka njia panda, hata kama kuna manyunyu na ugali uko jikoni. Eliya alikuwa na mmoja wa kumsindikiza, na huyo naye akamwacha nyuma. Nimeona watu wakifanya vivyo hivyo. Simu haipokelewi. Mazoezi ya kwaya, atakuja wiki ijayo. Jumuiya ikifika kwake, mlango uko wazi ila yeye "amelala". Mtumishi anabaki Beer-sheba, na sisi tunasema fulani siku hizi ana maringo.

Malaika alipomkuta alimgusa akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika hakumkemea kwa kulala. Alirudi mara ya pili na chakula, na safari hii akaongeza neno moja la huruma: safari ni kubwa mno kwako. Hakumwambia "jitie moyo". Hakumkumbusha ule moto ulioshuka mlimani Karmeli. Swali la Mungu, unafanya nini hapa, lilikuja siku arobaini baadaye, kule mlimani Horebu, mtu akiwa ameshiba na amelala.

Nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita, katika jumuiya yetu, mama mmoja kijana alijifungua salama, na wiki chache baadaye akabadilika. Hakuoga, hakumtazama mtoto, alilia bila sababu ya kusema. Mimi kama mzee wa kanisa nilikwenda na Biblia. Nilimsomea habari ya kushukuru katika kila jambo, nikamwambia wako wanaotafuta mtoto miaka kumi. Aliitikia "amina" kwa kila sentensi. Nilitoka pale nikijiona nimefanya huduma.

Aliyemsaidia ni bibi jirani ambaye hata kusoma ni kwa shida. Alikuja na chungu cha mtori, akafua nguo za mtoto, akaondoka. Kesho yake tena. Siku ya nne au ya tano, akiwa anaanika, yule mama akamwambia kutokea mlangoni, "Bibi, mimi silali. Naogopa nitamdhuru mtoto." Bibi hakupiga yowe wala hakumwita mchungaji. Alimjibu, "Basi kesho twende wote kliniki, mwanangu. Mtoto nitambeba mimi." Muuguzi wa kliniki ya watoto aliwaelekeza hospitali ya wilaya, na hospitali ikampa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Bibi alikwenda naye kila mara. Leo yule mama ni mwalimu wa shule ya Jumapili, na amenipa ruhusa ya kuisimulia habari hii bila jina lake.

Kwa hiyo naomba tujue njia ilipo kabla hatujaihitaji. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi, wataandika rufaa. Useme wazi kwamba usingizi umepotea, chakula hakiliki, na hali imedumu wiki mbili au zaidi, maana ukisema "mwili unauma" tu, utapimwa malaria urudi nyumbani. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana. Wengi huziacha siku ya saba. Wengine huziacha kwa sababu mtu wa kanisani amewaambia kumeza vidonge ni kukosa imani, na maneno hayo hayohay​o hatumwambii mwenye presha.

Na mtu akikwambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake hata kidogo, ondoa dawa za shambani nyumbani, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Maombi mnaweza kuyafanya ndani ya gari.

Tuache pia utani wa Mirembe. Kila mtu akikosea kidogo tunamwambia katoroka Mirembe, halafu tunashangaa watu wanaona aibu kwenda kutibiwa. Ile ya Dodoma ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ina madaktari na wagonjwa wanaopona. Sisi Walutheri tuna historia yetu wenyewe ya kutukumbusha. Huko Lutindi, milima ya Usambara, wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 kituo cha watoto yatima waliotolewa utumwani. Baadaye mahali pale pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo ni ya kanisa, wagonjwa wakifanya kazi za mikono na kuchuma chai. Zaidi ya miaka mia moja kanisa hili limeamini kwamba mgonjwa wa akili anahitaji kitanda, dawa, kazi na watu. Sijui ni lini tuliosalia tulianza kuamini kwamba anahitaji kukemewa.

Kama huna daktari karibu, kumbuka Harare. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alipata bibi 14 wa mtaa wa Mbare na benchi nje ya zahanati, kwa kuwa hakukuwa na vyumba wala wauguzi wa kumpa. Bibi walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Washona, wenyeji wa huko, huita sonona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Kwetu tungesema mawazo yamemzidi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi tunao. Mabenchi tunayo, tena kanisani yanakaa bure Jumatatu hadi Jumamosi.

Turudi Horebu kidogo. Eliya alilalamika mara mbili kwamba amebaki peke yake. Mungu alimjibu kwamba wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, lakini idadi hiyo aliisema mwisho. Kabla yake alitaja watu watatu kwa majina, na wa mwisho wao ni Elisha mwana wa Shafati. Sura inaisha Elisha akiondoka nyumbani kwao kumfuata Eliya na kumtumikia.

Jumuiya ni Jumatano jioni, kwa Mama Mwenyekiti. Anayeweza kupika uji alete unga. Kuna ndugu mmoja ameomba mtu wa kwenda naye hospitali Alhamisi. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na nimemwambia anikute kituoni.