Uchungu Wameutoa Wapi?

Usiku wa Jumatatu, tarehe 17 Novemba 2014, nilisikia radi huku theluji ikianguka. Nilikuwa nimekaa Marekani miaka minne na sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kuja pamoja. Asubuhi nilishuka kwenda kazini, nikavuta mlango wa chini, na mbele yangu ukabaki umesimama mlango mwingine, mweupe, wa theluji tupu, wenye alama ya kila ubao na kishimo cha duara pale palipokaa kitasa. Nikaubonyeza kwa kidole. Haukuanguka.

Nilikuwa nimepanga ghorofa ya juu kwa mzee mmoja wa Lackawanna, mji uliogusana na Buffalo upande wa kusini, jimbo la New York. Yeye na mkewe waliishi chini. Alikuwa mtu wa chuma: alifanya kazi kiwanda cha Bethlehem Steel mpaka 1983, mwaka waliposimamisha uyeyushaji, na moyo wake ulikuwa umeshatengenezwa mara mbili hospitalini. Koleo la theluji daktari alimkataza kabisa.

Theluji ile huletwa na ziwa. Upepo wa baridi kali hupita juu ya Ziwa Erie wakati maji bado yamehifadhi joto la kiangazi, unazoa mvuke, na ukigusa nchi kavu unaumwaga wote kwenye ukanda mwembamba. Safari hii ukanda ulitukalia sisi na ukagoma kuondoka. Watu wa kaskazini mwa Buffalo walipata sentimita chache tu. Huku kusini ilipita mita moja na nusu. Barabara kuu ya I-90 ilifungwa na watu wakalala ndani ya magari. Zaidi ya watu kumi walikufa katika siku zile, wengine moyo uliwasimama wakiwa wameshika koleo. Nilipolisikia hilo redioni nilienda kulichukua koleo la mzee nikapanda nalo kwangu, asije akajaribu.

Kazi ya kwanza ilikuwa bomba. Tanuri linalopasha nyumba moto liko chini ya sakafu na hutoa moshi wake kupitia bomba lililochomoza ubavuni mwa ukuta. Likizibwa, hewa ya sumu inarudi ndani nanyi mmelala. Nilitokea dirishani, nikazama mpaka kifuani, nikachimba kuelekea alikonielekeza mzee kwa kidole kupitia kioo. Kulia. Kulia kidogo. Chini. Nilipolifikia lilitoa pumzi ya joto usoni mwangu. Baada ya saa tatu lilikuwa limefunikwa tena. Nilifanya hivyo Jumanne yote na Jumatano asubuhi, na katikati ya hapo tukampata mgeni: dereva wa lori aliyekwama barabarani tangu usiku wa kwanza, ambaye mke wa mzee alimwona akipita kwa shida akamwita ndani.

Jumatano mchana mzee akashuka stoo, akarudi na chupa moja kubwa nyeusi, ya kama mililita 650. Akaiweka mezani, akatoa glasi nne ndogo za maji ya matunda.

Nitasema ukweli, nilinyong'onyea. Mabega yalikuwa yanawaka moto. Kwetu Marangu mtu aliyetoka kuchimba hupewa kata yake imejaa, na hapa naona vyombo vya kunywea dawa. Mzee akanionyesha maandishi ya chupa. Crème Brûlée, stauti, yaani bia nyeusi nzito, ya Southern Tier, kiwanda kidogo kilichoanza mwaka 2002 pale Lakewood, kando ya Ziwa Chautauqua, mwendo wa saa moja na ushee kutoka tulipokuwa. Kilevi karibu asilimia 10, kama mara mbili ya bia nilizozijua Moshi. Jina lake ni la kitindamlo cha Wafaransa: krimu ya mayai na vanila, juu yake sukari iliyochomwa mpaka ikawa ganda.

Alimimina akiinamisha kila glasi. Ilishuka nyeusi, nzito, na povu lake lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Nikainua. "Ngoja," akasema. "Imetoka kwenye baridi. Ishikilie."

Tukakaa watu wanne wazima mezani tumezikumbatia glasi kwa viganja viwili, nje kimya kama msituni. Nikaibia funda moja dogo. Baridi, kahawa iliyolala, basi. Lakini kadiri kiganja kilivyofanya kazi yake harufu ikaanza kupanda, na hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka zaidi ya zote. Ilikuwa harufu ya sukari kwenye sufuria ya kashata, dakika ile moja inapogeuka rangi na inakubidi umwage karanga upesi kabla haijaungua. Nyuma yake vanila, si ile ya kichupa cha keki, ni vanila yenyewe, yenye kitu cha mti ndani yake.

Nikanywa sasa. Utamu ulitangulia, tena mzito, ukafunika ulimi wote kama uji. Nikawaza: hii si pombe, hii ni keki iliyoyeyushwa. Nikataka kuiweka chini. Kisha nikameza, na utamu ulipokwisha kupita, uchungu ukabaki peke yake nyuma ya ulimi, mkavu, kama wa buni iliyokaangwa ikazidi kidogo, na joto la kilevi likashuka taratibu kifuani. Nikarudia ili nihakikishe. Safari ya pili utamu haukunisumbua tena kwa sababu nilijua kinachokuja.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama. Mama yangu alitusomesha kwa mbege. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, halafu unaingia uji wa kimea cha ulezi ndio pombe ikamilike. Ila kabla ya hapo kuna msesewe, gome la mti chungu kweli, unalotia kwa kipimo. Mimi nilikuwa wa kuponda gome hilo, na vidole vyangu vilikuwa vichungu mpaka nikila chakula. Mama alikuwa na msimamo ambao sijamsikia akiulegeza: ndizi bila msesewe ni juisi, na mtu asikuuzie juisi kwa bei ya pombe.

Dereva alikuwa bado hajanywa. Aliishikilia glasi puani muda mrefu, akauliza imetiwa maziwa? Mzee akamwambia imetiwa sukari ya maziwa, laktosi, ndiyo maana inaitwa stauti ya maziwa. Hamira ya bia haiwezi kuila sukari hiyo, basi inabaki na utamu wake hata baada ya nyingine kugeuka kilevi. Dereva akatikisa kichwa. Maziwa hayakuwa yakipatana na tumbo lake. Akanusa mara ya mwisho, akafumba macho, akanisukumia glasi mezani. "Wewe ndiye uliyechimba," akasema.

Marangu ilikuwa saa tatu usiku. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo theluji imewafikisha wapi?"

Nikamwambia tuko salama, nikamwambia nina glasi mkononi. Nikamweleza harufu, kashata, vanila, yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama anavyomsikiliza mteja anayesifia pombe ya mtu mwingine. Kisha akauliza: "Na uchungu wameutoa wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamuuliza mzee, naye akaniita nisogee. Sehemu ya shayiri, akasema, hukaangwa mpaka iwe nyeusi kama kahawa. Na kuna hopsi, ua chungu, linalochemshwa humo. Nikamtafsiria mama kipande kwa kipande.

"Basi wanajua kazi," akasema. "Wanaunguza nafaka. Sisi tuna gome. Wamepima vizuri?"

"Wamepima, mama. Mwanzo unadhani wamezidisha sukari."

"Hata yangu siku ya kwanza wanasema hivyo."

Mzee alitaka kujua tunazungumza nini. Nikamweleza msesewe. Aliniomba nilitaje tena neno hilo, akajaribu, akakosea, mkewe akapatia. Ikabidi niliandike kwenye kalenda ya jikoni, kwenye kisanduku cha Jumatano ile, herufi kubwa.

Mama alikuwa bado yuko hewani. "Mmekunywa wangapi?"

"Watatu. Wa nne amenusa tu, amenipa yake."

"Chupa ngapi?"

"Moja."

Alinyamaza kidogo. Nilisikia mbwa wa jirani yetu kule Marangu, na mlango wa bati ukifungwa.

"Umekaa na watu, mwanangu," akasema. "Kunywa polepole."

Nikaimaliza ile glasi ya pili baada ya saa nzima, na tone la mwisho, likiwa na joto la mkono wangu, ndilo lilikuwa zuri kuliko yote. Mke wa mzee aliziosha glasi akazipindua juu ya kitambaa karibu na dirisha, ambako sasa ulikuwa unaona kipande cha anga.

Alhamisi asubuhi ikaanza kumwagika upya. Niliamshwa na mzee akigonga bomba la maji kwa kijiko kutoka chini, mara tatu. Nikavaa, nikachukua koleo. Nilipotokea dirishani alikuwa tayari ameshakaa kwenye kiti chake nyuma ya kioo, kidole kimeinuliwa, akinionyesha kulia.