"Geuka Kidogo, Mzee": Siku Yangu Katika Chumba cha Kamera ya Utumbo

Majirani zangu wa Bwaise wanajua mimi ni sista wa hospitali hapa Kampala. Nikiwaeleza kwamba kazi yangu kubwa ni kuwalaza na kuwageuza wagonjwa wakati daktari anawapima utumbo mpana kwa kamera, wananionea huruma, kana kwamba nimenyimwa kazi ya maana. Basi ngoja niwasimulie siku yangu ya leo.

Saa 11 alfajiri. Chai, mkate, taksi ya mjini.

Saa 1 asubuhi. Nawasha mashine, naijaribu kamera, napanga mito yangu minne: wa kichwa, wa mgongo, wa katikati ya magoti, na ule mgumu wa mgonjwa atakayehitaji kulala kifudifudi. Kisha maswali. Dawa ya kusafisha tumbo umeimaliza? Choo cha mwisho kilikuwaje? Nikijibiwa "maji tu ya manjano, sista," moyo unatulia. Nauliza pia habari za nyonga, magoti na shingo, maana mtu akishachomwa dawa ya kusinzia hataweza kuniambia nimemkunja vibaya.

Hadi saa 4, wagonjwa wawili. Salama wote.

Wa tatu alikuwa mzee wa Kinubi kutoka Bombo, mtu wa mwili mkubwa, amekuja na mwanawe. Nilipompa gauni la hospitali lililo wazi nyuma, aliliweka mezani.

"Binti yangu, mimi siwezi kumpa mtoto wa kike mgongo nikiwa hivi."

Sikumlaumu. Nilimweleza kwamba tunaanza kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kwa sababu hapo daktari anaingiza kamera kwa urahisi na mgonjwa haumii sana. Nikaleta shuka mbili, nikamwonyesha jinsi nitakavyomfunika hadi ibaki sehemu ndogo tu. Mwanawe naye amesimama mlangoni: "Sista, tumelipa pesa nyingi, mbona mnachelewa? Na kumlaza mtu kitandani kunahitaji wauguzi wawili?" Mara ya kwanza nilimjibu. Mara ya tatu nilimwomba akakae nje. Dakika 25 zilikwisha kabla mzee hajapanda kitandani, na nje kuna wawili wengine ambao hawajatia kitu tumboni tangu jana yake.

Kamera ikaingia, ikakwama mapema. Utumbo wa upande wa chini kushoto haujashikizwa vizuri mgongoni, unacheza. Daktari akisukuma, mrija wenye kamera unajikunja kitanzi: unazidi kuingia, lakini ncha haiendi mbele, na kitanzi hicho ndicho kinachomuuma mgonjwa. Mzee akaguna usingizini. Daktari akavuta nyuma kunyoosha, nami nikabonyeza tumbo chini ya kitovu kuzuia kitanzi kisirudi. Nikabonyeza. Nikabonyeza. Kona ya utumbo iliyo karibu na wengu ikagoma, tukamgeuza ubavu wa kulia: mwenzangu kichwani, macho kwenye kipimo cha oksijeni, daktari ameshika mrija, mimi begani na nyongani. Kona ikafunguka. Kwenye kona ya ini tukakwama tena, tukamlaza chali, nikabonyeza upya hadi mikono ikaanza kutetemeka. Mwishowe kioo kikaonyesha tundu la kidole tumbo. Tumefika mwanzo wa utumbo mpana.

Wengi wanadhani hapo kazi imekwisha. Kumbe uchunguzi wenyewe ni wakati wa kutoka, na tunapaswa kutumia angalau dakika 6 kutazama tu, bila kuhesabu muda wa kukata kitu. Ndani ya utumbo hewa hupanda na maji hushuka. Mgonjwa akilalia kushoto, utumbo wa kulia unakuwa juu, unajaa hewa, unatanuka, unaonekana vizuri. Ule unaopita katikati ya tumbo unapendelea chali. Wa kushoto unataka mgonjwa alalie kulia. Zipo tafiti zilizoona vinyama vingi zaidi, yaani vijiuvimbe vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, kwa kugeuza hivyo, na zipo ambazo hazikuona tofauti. Mimi niko upande wa kugeuza.

Tulipofika upande wa kushoto mzee alikuwa bado chali. Saa 6 imepita, sote tumechoka, na daktari akasema tumalizie hivyo hivyo. Nikamuuliza, "Daktari, nimgeuze kulia?" Akatazama saa, akaitikia kwa kichwa. Tukageuza. Maji yaliyokuwa yametuama yakaondoka, kuta zikaachana, na nyuma ya mkunjo mmoja kukatokea kinyama chenye ukubwa wa punje ya haragwe. Kikakatwa kwa waya, kikatiwa kwenye kichupa kupelekwa maabara. Vinyama vya aina hiyo, baadhi yake, vikiachwa miaka mingi hugeuka saratani. Nilipoandika jina la mzee kwenye kichupa kile sikusikia tena maumivu ya mikono.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Waliobaki wawili, umeme kukatika na jenereta kuchelewa, kuosha kamera hatua kwa hatua bila kuruka hata moja. Chapati yangu niliila imepoa, nimesimama. Mzee alipozinduka nilimwambia, "Toa hewa, mzee, usione haya, na ugeuke kila upande itoke." Akageuka mwenyewe, taratibu. Mwanawe akaniuliza safari hii kwa sauti ya chini majibu yatatoka lini, na mto wa kuweka mgongoni mwa baba yake akaushika yeye.

Nimefika nyumbani usiku. Jerikeni la maji amelibeba mwanangu, bega langu la kulia halinyanyuki. Orodha ya kesho ina wagonjwa wanne. Mmoja ni mama aliyewekewa nyonga ya chuma, na kandokando ya jina lake nimeandika: asikunjwe sana, mito mitatu, tumgeuze watu wanne.